Uzito wa mbabula: historia ya jiko la makala katika nchi ya watu wanaokimbia

Goma, Kivu Kaskazini. Barabara ya Sake au ya Rutshuru inapojaa watu wanaokimbia risasi, vitu wanavyobeba hufanana mwaka baada ya mwaka. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Bidoni la njano. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine anavutwa mkono. Na juu ya furushi, au ndani ya sufuria kubwa, kuna mbabula: jiko dogo la chuma la kuwashia makala. Limejaa masizi na mguu wake mmoja umepinda, lakini limebebwa, wakati kitanda na kabati vimeachwa.

Ndugu wa Tanzania na Kenya huliita jiko tu, na makala wao huyaita mkaa. Hapa Kongo, toka Lubumbashi mpaka Goma, watu husema mbabula. Rwanda na Burundi wanasema imbabura. Zambia wanasema mbaula, na kule kusini kabisa, kwa Wazulu, ni imbawula. Neno hilo moja limetembea nchi nyingi, sawa na chombo chenyewe.

Lakini si kila mbabula inatembea. Iko nyepesi ya bati, ambayo mama anaweza kuibeba kwa mkono mmoja, lakini inakula makala mengi na kutoboka mapema. Iko nzito ya chuma kinene, ambayo inatunza moto na kudumu miaka mingi, lakini haikimbii vita. Familia inayonunua mbabula nzito ni familia inayoamini kwamba itabaki. Kwa hiyo historia ya mbabula huku mashariki mwa Kongo ni historia ya amani na vita pia, ukiisoma kwa kuangalia uzito wa chuma kilicho jikoni.

Makala yalikuwa ya mhunzi

Zamani makala hayakuwa kitu cha jikoni. Mama alipika kwa kuni juu ya mafiga matatu, na wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Kuni zilikuwa karibu na hazikununuliwa. Mafiga hayakubebwa: familia ilipohama, iliokota mawe mengine matatu mahali ilipofika.

Makala yalikuwa ya mhunzi. Katika eneo la Maziwa Makuu watu wameyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2000. Mabaki ya tanuru zao na mavi ya chuma yamechimbuliwa upande wa Buhaya, Tanzania, na pia Rwanda na Burundi. Kuni za kawaida hazitoshi kuyeyusha udongo wa chuma. Yanahitajika makala na upepo wa mivukuto. Huko Katanga, mafundi wa shaba walitumia makala vilevile kuyeyusha malakiti, wakamimina shaba yenye umbo la msalaba ambayo ilitumika kama mali na mahari.

Kumbe ujuzi wa kuchoma makala ni wa wazee wa huku, haukuletwa na wageni. Miti inakatwa, inapangwa, inafunikwa kwa majani na udongo, kisha inawashwa na kunyimwa hewa ili iungue bila kuteketea. Kilichobadilika baadaye ni mnunuzi. Makala yalitoka kwa mhunzi mmoja wa kijiji, yakaingia katika kila nyumba ya mji.

Mji, mgodi na pipa la mafuta

Mabadiliko hayo yalianza na miji ya kazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikatoka katika tanuru la kampuni. Wafanyakazi wengi wa miaka hiyo ya mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa. Waliishi katika kambi zenye nyumba zilizobanana, mbali na pori la kuokotea kuni.

Katika maisha ya namna hiyo makala yana faida. Kilo moja ya makala ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu. Yanabebeka katika gunia, hayaozi, na hayatoi moshi mwingi wa kuudhi jirani. Ila makala hayawaki vizuri juu ya mafiga. Yanataka kukusanywa pamoja na kupewa hewa toka chini. Yanataka chombo.

Chombo hicho kilitoka katika takataka za mji wenyewe. Mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kwa msumari ulikuwa tayari mbabula. Pipa la mafuta la lita 200 likikatwa lilitoa mbabula nyingi. Fundi alihitaji nyundo, patasi na kipande cha reli au cha ekseli cha kugongea. Hakuhitaji umeme wala kiwanda. Ndivyo ilivyo hata leo katika masoko ya Goma, Bukavu, Uvira na Lubumbashi, ambako sauti ya nyundo juu ya bati ndiyo inayokuonyesha mahali wafundi wa mbabula wanapokaa.

Makala yalipoingia mjini, chakula cha mji kikaingia pembezoni mwa barabara. Lubumbashi ina michopo yake, nyama ya mbuzi inayochomwa na kukatwa vipande. Goma ina brosheti, mahindi ya kuchoma na ndizi. Wamama wengi wamesomesha watoto kwa mbabula moja na wavu wa chuma juu yake.

Chuma kinene na bati jembamba

Anayetaka kuelewa yaliyofuata inafaa kwanza azijue mbabula zenyewe, maana zote si sawa.

Ya kwanza ni ya bati jembamba. Bei yake ni ndogo. Moto wake ni wa haraka, lakini joto jingi linatoka ubavuni na kupotea. Baada ya miezi kitako kinaungua na makala yanaanguka chini.

Ya pili ni ya bati nene la pipa. Hiyo inadumu kidogo zaidi, nayo ndiyo mbabula ya kawaida ya Kivu.

Ya tatu ni ya chuma chenyewe. Nyingine ni janti ya gari iliyowekwa juu ya miguu mitatu. Nyingine ni tamburi la freni la lori, ambalo ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, si bati lililokunjwa. Chuma cha namna hiyo kinachelewa kupata moto, lakini kikishapata hakiachi upesi. Makala yakibaki machache, ukuta wake unaendelea kutoa joto. Kwa nyama ya kuchoma ni kizuri sana, kwa sababu joto ni sawa pande zote na nyama haiungui upande mmoja huku mwingine ukibaki mbichi. Hakitoboki. Mtoto anaweza kurithi mbabula ya mama yake.

Chuma hicho kina adui wawili. Mmoja ni maji ya baridi: ukimwaga maji juu ya chuma cha kumimina kikiwa cha moto, kinaweza kupasuka kama chungu. Mwingine ni kutu. Mbabula nzito inayolala nje katika mvua ya Goma inaanza kula kutu haraka, na kuipaka mafuta kidogo ikiwa bado ya uvuguvugu kunasaidia. Majivu nayo yatolewe kila siku, kwa sababu majivu yenye unyevu yanakula chuma, na yakijaa yanaziba matundu ya hewa.

Ya nne ni jiko lenye udongo uliochomwa ndani na bati nje, ambalo watu huliita jiko bora. Hilo lina safari yake. Kule Kenya, jiko la bati linahusishwa na Wahindi waliokuja kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafundi na wataalamu wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakatia udongo ndani ya jiko lao. Udongo unazuia joto lisipotee ubavuni. Kwa wastani jiko hilo linapunguza makala kwa theluthi moja mpaka nusu. Wazo lilivuka mipaka likafika Rwanda, Burundi na Kivu. Kasoro yake inajulikana: ukiliangusha njiani, udongo unavunjika.

Kwa hiyo mbabula mbili zinazookoa makala ndizo zisizopenda safari. Moja ni nzito, nyingine ni dhaifu. Ile inayopoteza makala ndiyo inayokubali kukimbia. Hapo ndipo vita vilipoingia jikoni.

Julai 1994

Katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, karibu watu milioni moja kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma. Walipelekwa Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga na Lac Vert, juu ya mawe meusi ya volkeno ambako hata kuchimba choo ni kazi ngumu. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Chakula cha msaada kilikuja: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Kuni hazikuja nacho. Maharagwe makavu yanataka saa mbili au tatu za moto. Katika vilima vya Kivu yanataka zaidi, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kibumba iko juu zaidi.

Kambi hizo zilikuwa ubavuni mwa Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925 na kuwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1979. Kila asubuhi maelfu kwa maelfu ya watu waliingia msituni na kutoka na mizigo ya kuni. Walipikia mafiga ya mawe ya volkeno, moto wazi katika upepo, njia inayopoteza joto kuliko zote. Mwaka huohuo wa 1994 UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mashirika ya misaada yalileta kuni kwa malori na kufundisha watu kujenga majiko ya udongo. Ilisaidia, lakini msitu haukungoja. Kambi zilipovunjika Novemba 1996 kwa vita vingine, ziliacha vilima vilivyo wazi. Vilevile ziliacha biashara ya makala iliyokua, yenye njia zake, wanunuzi wake na watu wenye bunduki waliokwisha kujua kwamba mti wa hifadhi ni pesa.

Moto toka mlimani

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Uji wa moto ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Ulifunika sehemu ya biashara na mitaa mingi, na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila nyumba. Mamia ya elfu walikimbilia Gisenyi na Sake. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado ya moto.

Walirudi kujenga kwa mbao juu ya mawe yaleyale. Katika nyumba hizo mpya kitu cha kwanza kilichohitajika kilikuwa moto wa kupikia, na kwa kuwa mji ulikuwa umejaa bati lililoharibika na pipa zilizopinda, wafundi walikuwa na mali ya kutosha. Mlima ulirudia tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye serikali ya mkoa iliagiza sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakatembea tena kuelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Na tena mbabula ya bati ilienda. Ya janti ilibaki nyuma ya nyumba ikimngoja mwenyewe.

Gorila, miti na umeme

Katikati ya mapasuko hayo mawili, makala yalifika katika habari za dunia. Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi katika hifadhi, akiwemo dume mkubwa Senkwekwe. Hawakuuawa kwa ajili ya nyama. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye biashara ya makala: gorila ndiye aliyefanya msitu ulindwe, na akiisha hakuna tena cha kulinda. Walinzi wa hifadhi nao wamelipa kwa damu. Zaidi ya 200 wameuawa kazini katika miaka ya vita.

Majibu yalikuwa ya namna tatu. La kwanza lilikuwa miti. Mwaka wa 2007 WWF ilianza mradi wa EcoMakala. Wakulima wa pembezoni mwa hifadhi walipanda mikaratusi na miti mingine inayokua haraka katika mashamba yao, ili makala yatoke shambani badala ya msituni. La pili lilikuwa jiko bora, lililotengenezwa na kuuzwa Goma kwenyewe, na makala ya kukandamizwa yaliyotengenezwa kwa majani na pumba. La tatu lilikuwa umeme. Bwawa la Matebe, huko Rutshuru, lilianza kazi Desemba 2015, na baadaye nyaya zake zikafika Goma.

Yote matatu yalifanya kazi pale palipokuwa na utulivu. Mti unataka miaka kadhaa kabla ya kukatwa. Jiko bora lina bei kubwa mwanzoni, na faida yake inaonekana mwezi baada ya mwezi. Umeme unataka nyaya ambazo hakuna anayezipiga risasi. Familia isiyojua italala wapi wiki ijayo haiwezi kupanda mti wala kununua jiko zito. Si kwamba hawaelewi faida, kama semina nyingine zinavyodhani. Wanaelewa vizuri. Wanapima uzito na njia iliyo mbele yao.

Kuni za kambini

Kuanzia mwishoni mwa 2021 vita vya M23 vilianza upya Rutshuru. Oktoba na Novemba 2022 watu wa Rugari na Kibumba walijaa Kanyaruchinya. Mwaka wa 2023 na 2024 walifuata watu wa Masisi na Sake, waliofika Bulengo, Lushagala na Rusayo. Mamia ya maelfu waliishi chini ya shitingi kuzunguka Goma.

Hapo historia ya 1994 ilijirudia, safari hii kwa Wakongo katika nchi yao. Chakula kilikuwa kidogo, na kuni zilikuwa mbali, ndani ya hifadhi, kati ya watu wenye silaha wa kila upande. Mwaka wa 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walitoa ripoti mara kadhaa kuhusu wingi wa wanawake waliobakwa ambao walitibiwa katika kambi za Goma. Wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula.

Mama wa kambini alijua hatari. Alijua pia kwamba unga haupikwi kwa jua. Katika familia nyingi walikaa na kuhesabu nani aende: baba akienda anaweza kuuawa, mama akienda anaweza kubakwa, mtoto je? Hesabu hiyo haimo katika kitabu chochote cha mapishi, lakini ndiyo iliyotangulia kila sufuria ya maharagwe katika kambi zile.

Mahali hapo jiko linalokula nusu ya makala si jambo la starehe. Likipunguza matumizi kwa nusu, safari nne za msituni kwa mwezi zinakuwa mbili. Makala yakiwa ya kununua, pesa ya nusu gunia inabaki kwa dawa au chumvi.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Umeme na maji vilikatika, na katika siku zile hata nyumba zilizozoea jiko la umeme zilitafuta makala. Februari kambi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Shitingi zikakunjwa, mbao zikafungwa, na furushi zikapanda kichwani tena. Wengine walikuta nyumba. Wengine walikuta majani yamekua mahali pa nyumba. Wengine hawakuweza kufika, wakabaki kwa ndugu au katika madarasa.

Namna ya kutunza moto mdogo

Historia hiyo imewaachia wamama wa Kivu ujuzi ambao unastahili kusemwa wazi, kwa faida ya wasikilizaji walio njiani na walio majumbani.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Yakiloweka yanaiva haraka zaidi, na makala yanaokolewa. Sufuria ifunikwe, na jiwe dogo liwekwe juu ya kifuniko. Maji yakianza kuchemka, mlango wa hewa wa mbabula ufungwe nusu. Moto mkali haupiti chemko, unakausha maji tu. Mbabula ya bati ikizungushiwa mawe au udongo ubavuni, inapata sehemu ya faida ya jiko bora bila bei yake. Siku ya kukimbia, udongo unabaki, mbabula inaenda.

Kwa kuchoma nyama, samaki au mahindi, ngoja makala yawe mekundu ndani na majivu ya kijivu juu. Makala meusi yanayotoa moshi yanaharibu ladha na kuunguza nje kabla ya ndani kuiva. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama pembeni, usimwage maji, hasa kama mbabula ni ya chuma cha kumimina.

Liko jambo moja kubwa kuliko mapishi. Usiku wa Goma na wa Masisi ni wa baridi, na wengi huingiza mbabula ndani ya nyumba au ya shitingi ili watoto wapate joto. Makala yasiyotoa moshi yanaonekana salama. Si salama. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu wakiwa usingizini.

Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde, inayoua mbuzi na hata watu. Hewa ya makala ni nyingine. Mazuku ni nzito na inakaa chini. Hewa ya makala inachanganyika na hewa ya chumba chote, kwa hiyo kulala kitandani badala ya chini hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwasha nje, kupikia nje au mahali penye mlango na dirisha wazi, na kutoa mbabula kabla ya kulala, hata kama makala yamebaki kidogo. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na mbabula, atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, kisha apelekwe kituo cha afya. Majivu ya moto nayo yasimwagwe karibu na shitingi. Shitingi moja ikishika, mstari mzima unaweza kuungua.

Chuma kinachongoja

Katika vijiji ambavyo watu wamerudi, kati ya vitu wanavyovikuta katika majani ni chuma. Milango imechukuliwa, mabati ya paa yamechukuliwa, lakini janti nzee au tamburi la freni mara nyingine bado liko nyuma ya jikoni, jekundu kwa kutu. Halikuibwa kwa sababu ni zito. Linasuguliwa kwa mchanga, linapakwa mafuta, linawekwa juu ya mawe matatu.

Wengine hawajakuta kitu, na wengine bado wako ugenini, wanapikia mkebe uliotobolewa kwa msumari. Soko la mbabula linaonyesha hali yao bila kuuliza mtu. Wiki za hofu, wanunuzi hunyanyua mbabula kwa mkono mmoja kuona kama inabebeka. Wiki za utulivu, hugonga ubavu wake kwa kidole kusikia kama chuma ni kinene.